Anga Jekundu Kwenye Mstari wa Mama Masika

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa penseli na kipande kirefu cha karatasi ya kahawia, ile ya kufungia nyama buchani, nikaambiwa nichore maisha yangu. Ilikuwa Louisville, Marekani, mwaka 2014, mwezi wa saba, na joto la mto lilikuwa limeufunika mji kama blanketi lililolowa. Ofisi yetu ilikuwa chini ya jengo, chumba kisicho na dirisha, na ubaridi wake ulitosha kunifanya nitake kubaki hata kabla sijaielewa kazi yenyewe.

Aliyenipa karatasi alikuwa Bi. Msimamizi, mama wa Kimarekani mwenye nywele nyeupe na miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Chama chake kilisaidia watu kufuatilia historia za familia zao, na mwaka ule kilikuwa kimeamua kuwafungulia mlango wageni kama sisi. Walitafuta mtu anayekisikia Kiswahili cha Tanzania na cha Kivu pia. Mimi ni mtu wa Kigoma. Shule niliiacha darasa la tano, siku lori la dagaa lilipoharibika mbele ya darasa letu. Nilitaka kuona litatengenezwa vipi, kisha nikataka kuona linakwenda wapi. Lilikwenda Bujumbura, nami nikiwa juu ya magunia. Baada ya hapo nimekuwa utingo, mpishi wa boti, muuza betri za redio Uvira na Bukavu, na mkalimani kambini, mpaka binti yangu, aliyekuwa akitunza wazee hapo Louisville, aliponileta kwake na kuniambia, "Baba, sasa tulia." Nilikuwa nimevuka miaka sitini, na kutulia nilikuwa bado sijajifunza.

Nikachora. Bi. Msimamizi aliporudi aliinama juu ya karatasi yangu kwa muda mrefu.

"Bwana Barnaba," akasema, "hapa kuna miji mingi kuliko reli ya Kentucky, na hakuna mwaka hata mmoja."

"Miaka siikumbuki, mama. Nakumbuka barabara."

"Vizuri. Hapa ulipoandika Uvira, ulipofika kulikuwa na nini?"

Nikafikiri. "Noti za Zaire zilikuwa zimebadilishwa. Watu waliwashia jiko zile za zamani."

Akafungua kitabu kinene, akatembeza kidole, akasimama. "Elfu moja mia tisa tisini na tatu. Umeona? Nimeupata mwaka wako bila kukuuliza."

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nilipostaafu, na kwa kuwa vijana huniuliza ilikuwa kazi gani, nitaieleza kama nilivyofundishwa. Tuliiita kuchora mstari wa miaka. Unatandika karatasi mezani, unapiga mstari katikati kutoka mwanzo hadi mwisho. Juu ya mstari unaandika mambo ya familia: nani alizaliwa, nani alioa, lini walihama. Chini ya mstari unaandika mambo ya dunia: vita, njaa, mafuriko, mwaka barabara ilipofika. Dunia tuliandika kwa wino, familia kwa penseli, kwa sababu familia hurekebishwa mara nyingi kabla haijatulia. Jambo la dunia ambalo kila mtu wa sehemu ile analikumbuka tuliliita nguzo. Kumbukumbu ambayo haijapata nguzo ya kufungwa tulisema inaelea. Hiyo tuliiandika kwenye kikaratasi na kuibandika kwa pini, ili iweze kusogezwa.

Bi. Msimamizi alinionyesha mstari wa familia yake mwenyewe. Bibi yake hakuwahi kutaja mwaka wa ndoa yake, alisema tu "baada ya maji." Watu wa Louisville wote wanajua maji hayo ni yapi, kwa kuwa mto uliwahi kupanda mwaka 1937 ukaingia mpaka vyumbani. Nguzo ile moja ilimpa ndoa, mtoto wa kwanza, na sababu ya familia kuhamia mlimani.

"Usimuulize mtu mwaka," aliniambia zaidi ya mara moja. "Mwaka humfanya mtu ajione mjinga. Muulize kulikuwa na nini."

Kwa watu wetu ushauri huo ulikuwa wa lazima, kwa sababu karibu wote walizaliwa Januari moja. Kambini mtu asiyejua tarehe yake huandikiwa siku ya kwanza ya mwaka, basi. Nilikaa na familia moja ya Waburundi ambayo baba, mama na watoto wote walikuwa wa Januari moja. Daktari wao alimuuliza baba kama kwao ni sheria. Baba akamjibu kwa utulivu, "Hapana, daktari. Ni bidii." Kwa hiyo makaratasi ya serikali hayakutusaidia sana. Tulianzia kwenye mvua, kwenye mavuno, kwenye mwaka wa nzige, tukapanda taratibu.

Nilikaa Louisville mwaka mzima, muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa popote kwa hiari yangu. Kisha chama kikafungua ofisi Columbus, na kabla Bi. Msimamizi hajamaliza kueleza nilikuwa nimeshasema nitakwenda.

Columbus nilikuwa chini ya Mratibu, dada Mkenya aliyekuja kusoma chuo kikuu, akamaliza, akapata kazi, akanunua nyumba Westerville. Alikuwa na mwendo wa watu wanaochelewa hata wakiwa wamewahi. Ofisi yake ilikuwa chumba nyuma ya kanisa, na kila Jumatatu alinihesabia familia.

"Mzee, hii wiki tufunge familia mbili."

"Mama mmoja anaweza kuchukua wiki nzima, dada."

"Ai, Mzee! Kwani unamchora ama unamuoa?"

Lakini alikuwa mtu mwema. Asubuhi za barafu alinipitia kwa gari lake mwenyewe, akanishusha Linden, kwenye nyumba za kupanga ambako watu wetu wengi wanakaa. Huko ndiko nilikokutana na Mama Masika.

Aliyeniita alikuwa binti yake, Masika, aliyefunga vifurushi kwenye ghala moja kubwa. Watoto wake walikuwa wameanza kumjibu kwa Kiingereza kila alichosema, akaogopa kwamba siku moja hawatajua hata wametoka wapi. Mama yake alikuwa mtu wa Rutshuru, kule Kivu, Mnande kwa kabila, mwembamba, mwenye sauti ndogo na mikono isiyokaa bure; wakati wote wa mazungumzo yetu alikuwa akichambua maharagwe. Mume alikuwa amekufa zamani, kabla ya vita.

"Una watoto wangapi, mama?"

"Bon, bane. Masika huyu. Paluku na Kambale, bale ba kamyo." Hao wawili waliendesha lori pamoja na walirudi nyumbani kwa nadra. "Na Kakule iko Buffalo. Njo mudogo."

Nikaandika. Masika alikuwa akitazama sakafu, nami nikadhani amechoka na shifti.

Tulikwenda vizuri mpaka tulipofika siku ya kukimbia. Jeshi liliingia vilimani, watu wakatoka na walichoweza kubeba, wakielekea mashariki, mpaka wa Uganda. Mama Masika alikuwa na Kakule mgongoni, bado ananyonya. Wakubwa walitembea.

"Giza ikaingia," alisema, "nikageuka nyuma. Juu ilikuwa nyekundu yote. Donc nikajua kijiji imeungua. Na ile majivu, Papa! Ilitufuata. Kesho yake ilituangukia, na kesho kutwa tena. Nilikuwa natoa majivu mu kichwa ya mutoto, nasema moyoni, hii ni nyumba yangu."

"Kijijini nani alibaki, mama?"

Aliweka maharagwe chini, akaenda kutazama sufuria ambayo haikuwa motoni.

Katika kazi hii mtu akienda kutazama sufuria, unafunga kalamu. Niliandika kwenye kikaratasi "anga jekundu, majivu siku kadhaa," nikakibandika kwa pini juu ya mstari, bila mwaka. Kilielea pale. Nilimwachia mama nakala, na nyingine nikaikunja kwenye mfuko wangu wa ngozi, kama nilivyofanya kwa kila familia.

Majira ya baridi yaliyofuata nilipelekwa Buffalo. Kituo kile kilikuwa na meza, mimi na Mkuu wa Kituo, mwalimu mstaafu wa jiografia aliyevaa kofia ya sufu hata ndani. Theluji ya Buffalo hutoka ziwani na haina adabu. Inaweza kuanguka mtaa mmoja na kuuacha wa pili. Mkuu wa Kituo alifurahi nilipomuuliza sababu yake, na akanichorea ubaoni upepo na maji kwa saa nzima, na kazi ikasimama. Tulielewana tangu siku hiyo.

Kakule alinifuata mwenyewe. Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, mrefu, anafanya kazi kiwanda cha kukata nyama, amepanga chumba cha juu katika nyumba ya Koko Furaha, bibi mmoja mtu wa Goma. Alikaa mbele yangu na koti lake, hakulivua.

"Mzee, weye njo ulichoreaka mama mustari?"

"Mimi."

"Mule ndani, Kasereka iko wapi?"

Nikamwambia simjui Kasereka. Akacheka, lakini si kwa furaha, akanieleza jambo ambalo mimi mtu wa Kigoma sikulijua, na ambalo yeye pia, aliyekulia kambini Uganda kati ya makabila mengine, alikuwa amelijua juzi tu. Wanande huwapa watoto majina kwa kufuata zamu ya kuzaliwa. Wavulana wana majina yao kwa mpangilio, wasichana yao. Baada ya Paluku huja Kambale. Baada ya Kambale huja Kasereka. Kakule huja baada ya Kasereka. Hata mtoto akifa mchanga, zamu yake hairukwi.

"Kuna mzee wa Butembo kazini," alisema. "Aliniuliza majina ya ndugu zangu, nikamuambia. Akaniuliza, 'Na Kasereka wenu iko wapi?' Nikasema hatuna. Akasema, 'Basi weye si Kakule.' Batu bote bakacheka. Nikamupigia mama simu. Akakata. Nikamupigia Masika. Akasema, 'Uliza mama.'"

"Wewe unataka kujua nini hasa?"

"Kama niko na ndugu, nataka kumujua. Kama alikufa, nataka kumujua vilevile."

Alichoniambia mama yake kilikuwa mali ya mama yake, na isitoshe hakuwa ameniambia kitu. Nilimwambia nitajitahidi, akainuka, akanishika mkono kwa mikono miwili kama wanavyowashika wazee wao.

Wiki hiyo nilikuwa na zamu ya kuchora mstari wa Koko Furaha, mwenye nyumba wake. Huyo alikuwa mtu wa kelele na kicheko, aliyenilazimisha kula kabla ya kila swali. Alinihadithia Goma mwaka baada ya mwaka, harusi na misiba, mpaka tukafika mwisho wa 1996.

"Ile mwaka vita iliingia. Na Nyamulagira nayo ikaona ni zamu yake," akasema.

Nyamulagira ni mlima wa moto, jirani wa ule mlima wa Goma unaojulikana zaidi. Dunia haikuuzungumzia sana mwaka ule. Ilikuwa na vita vya kutazama.

"Ikapasuka, Papa. Juu ikakuwa nyekundu, siku kwa siku. Majivu ikaanguka ku nguo nilizoanika. Nikafua, ikaanguka tena. Nikasema, bon, kaeni vichafu!"

Nikaweka penseli chini. Nilimaliza chakula chake kwa heshima, nikarudi ofisini, nikatandika mezani mistari miwili, wa Koko Furaha na nakala ya wa Mama Masika. Tunaita kulaza mistari: unaweka familia mbili za sehemu moja ubavu kwa ubavu, nguzo juu ya nguzo, uone zinasemaje. Vita vililingana. Kikaratasi kilichokuwa kikielea nilikisogeza kidogo, kikatua juu ya Nyamulagira.

Nikamwita Mkuu wa Kituo. Akaleta ramani.

"Huyu mama alitoka wapi?"

Nikamwonyesha, magharibi ya Rutshuru.

"Anatembea kwenda wapi?"

"Mashariki. Mpaka wa Uganda."

Akaweka rula juu ya ramani. Mlima ulikuwa nyuma ya mgongo wake, ng'ambo ya kijiji, upande uleule. "Na majivu yalimwangukia mpaka siku ya tatu?" akauliza. "Akiwa ameshatembea umbali huu wote? Bwana Barnaba, nyumba za kijiji kimoja hazitoi majivu ya siku tatu."

"Kwa hiyo kijiji hakikuungua."

"Hapana. Kwa hiyo alichokiona si kijiji. Kijiji hatujui." Akavua kofia yake, kwa mara ya kwanza nikakiona kichwa chake. "Ukienda kwake, usimpelekee habari hii kama zawadi. Mpelekee kama swali."

Nilipanda basi la kwenda Columbus. Njia nzima nilikuwa nikijiuliza kama nina haki. Mwanamke yule alikuwa ameishi na moto ule miaka mingi. Alikuwa ameshajenga maisha kuuzunguka. Kumwondolea moto kulimaanisha kumrudishia mambo yote aliyokuwa hajayauliza. Lakini nilikuwa nimemshika mkono kijana wake pia. Tena nitasema ukweli: hata bila Kakule, nisingeweza kukaa na jambo lile mfukoni. Nimeumbwa hivyo.

Nilimkuta jikoni na Masika. Nilitandika mistari miwili mezani, nikaeleza pole pole, nikaonyesha mlima, nikaonyesha barabara. Nilisema, "Mama, nakuuliza tu. Je, inawezekana ulichokiona kilikuwa Nyamulagira?"

Masika akaanza kulia.

"Nyamulagira tuliijua," mama yake alisema. "Tulizaliwa chini yake. Lakini ile siku nani aliwaza mulima? Tuliwaza basoda tu, bale ba bunduki." Akaweka kidole kwenye kikaratasi, kama mtu anayepima kama chuma bado kina moto. "Papa, kule nyuma niliachaka mutoto."

Ndipo alipomtaja. Kasereka alikuwa na surua, mwili unawaka, macho hayafunguki. Bibi yake, mama wa marehemu mume, alikuwa mzee mno kutembea. Alisema, "Huyu hawezi barabara. Niachie, utakuja kumuchukua." Mgongo ulikuwa mmoja, na mgongoni alikuwa Kakule. Alipogeuka akaona anga limekuwa jekundu alitaka kurudi. Watu walimshika mikono. Wakubwa waliona kila kitu na hawakukisema tena, kwa ajili yake. Kakule alikuwa mchanga mno kukumbuka.

"Njo maana sikumuambia," alisema. "Nikisema Kasereka, Kakule ataniuliza juu ya nini ulibebaka miye na si yeye. Mutoto asibebe ile kitu."

"Na watu wa kwenu, mama? Kambini hukuwauliza?"

"Niulize nini? Nilikuwa najua. Nikiona mutu wa kwetu nilipita njia ingine."

Masika alipangusa uso kwa mkono wa sweta. "Mama," akasema, "sasa hujui tena. Sasa tuulize."

Walituma ujumbe wa sauti kwa simu, kwa shemasi mmoja wa kanisa la kule, na shemasi akaupeleka kwa mtu, na mtu kwa mtu. Majuma yalipita, nami nikabaki Columbus kwa muda, nikifanya kazi kwa Mratibu. Mratibu, ambaye nilikuwa nimemwambia habari yote, aliacha kunihesabia familia. Kila asubuhi aliniuliza kitu kimoja: "Wamejibu?" Nami nilimjibu bado.

Jibu lilipokuja, Masika aliniita ili nisikilize pamoja nao. Ilikuwa sauti ya mama mmoja mzee, jirani wao wa zamani. Alimsalimu Mama Masika kwa kirefu, akamuuliza habari za kila mtoto kwa jina. Kisha akasema kijiji hakikuchomwa wakati ule. Askari walipita. Bibi alibaki nyumbani kwake na yule mtoto. Surua haikumwachia Kasereka. Alifariki siku chache baada ya wao kuondoka, kitandani kwa bibi yake, bibi akiwa amemshika. Wanawake wa kanisa waliobaki walimwosha, wakaimba, wakamzika nyuma ya nyumba, kando ya babu yake. "Alikuwa anakuulizaka," sauti ilisema, "na bibi alikuwa anamuambia, mama iko njiani. Alilala akijua uko njiani."

Mama Masika alisikiliza ujumbe ule mara ya pili, akiwa ameziba mdomo kwa kitenge. Kisha akasema, kwa sauti ndogo sana, "Hakuwa peke yake." Na tena, akitugeukia mmoja mmoja kama anayetupa habari, "Hakuwa peke yake, eh? Alishikwa."

Matanga yakafanyika Linden, baada ya miaka yote ile. Mtoto aliyezikwa zamani, mbali, alikuwa hajawahi kuliliwa na mama yake mbele ya watu; kwa hiyo watu walikuja kama vile ameondoka juzi. Walikuja na makoti ya ghalani, wengine wametoka shifti moja kwa moja, na masufuria ya sombe, kisamvu chao, na bugali. Wakongo wa kitongoji cha Hilliard walileta viti. Paluku na Kambale waliegesha lori lao barabarani likaziba mtaa, na mwenye nyumba alipotoka kufoka akaona watu wanalia, akarudi ndani. Mratibu alikuja amevaa kitenge nisichojua alikitoa wapi, akaosha vyombo mpaka mwisho.

Kakule alifika na basi kutoka Buffalo. Mama yake alimketisha mbele yake, na mbele yetu sote akamwambia yeye mwenyewe: homa, bibi, mgongo mmoja. Hakuficha kitu. Kakule alisikiliza huku ameshika magoti yake. Nilimwona mama anavyomtazama, akingoja swali ambalo alikuwa amelikimbia miaka ishirini.

Kakule akakohoa. "Alikuwa anapendaka nini?" akauliza.

"Nini?"

"Kasereka. Kula. Alikuwa anapendaka nini?"

Mama Masika alimtazama kama hajasikia. Kisha uso wake ukafunguka. "Maboga!" akasema. "Eh, ule mutoto! Maboga ya kuchoma. Anakula anajipaka mpaka mu masikio." Kambale akasema si maboga tu, alikuwa akiiba miwa ya jirani na kumsingizia yeye. Masika akasema Kasereka aliimba vibaya. Wakaanza kukatizana, wanalia na kucheka, na chakula kikapoa. Nilikuwa na karatasi na penseli, lakini sikuandika. Nilitaka kusikia tu.

Nilistaafu mwaka uliofuata, magoti yakiwa yamekataa ngazi za Buffalo. Bi. Msimamizi alikuja kutoka makao makuu ya Louisville na keki, Mkuu wa Kituo alituma ramani ya Kigoma, na Mratibu alilia halafu akadai ni kitunguu. Sasa ninaishi Columbus, mtaa wa pili kutoka kwa Mama Masika, na watu wangu wananishangaa kwamba sijahama.

Vijana wanaoifanya kazi hii leo wana mashine zinazochora mstari kwa kubonyeza kidole, na nguzo zote ziko ndani. Ni vizuri, ningepewa moja zamani ningeitumia. Ninachowaomba ni kwamba wasiharakishe kuondoa pini. Kumbukumbu inayoelea haijakosea. Mwenye nayo aliona anga jekundu kweli, na alipangusa majivu ya kweli kwenye kichwa cha mtoto wake. Lisilojulikana ni lilikotoka. Mnapolitafuta, mtafuteni na yeye pia, msimwache nyuma ya meza.

Asilimia ya maisha niliyoishi barabarani siijui, wala sijutii. Lakini nimegundua kwamba udadisi nao una mahali pa kukaa. Wangu umekaa jikoni kwangu, ukutani, ambako nimebandika mstari wa familia ile kwa ruhusa yao. Asubuhi nikiwa na chai yangu, simu inalia.

"Papa, umeamuka? Andika."

"Nimeshika penseli, mama. Sema."

"Kasereka aliogopaka bata."

"Bata?"

"Bata ya jirani. Akiiona anapanda ku meza, anaiambia, mimi sina kitu yako! Andika vile alisema."

Ninaandika vile alivyosema. Kipande chake cha mstari ni kifupi, miaka minne tu, nami nimekwisha kubandika karatasi ya pili juu yake, na ya tatu, kwa kuwa nafasi haikutosha. Kesho nitanunua nyingine.